Umri wa Piano ya Ihembe

Baba yangu alipopooza upande wa kulia, jambo la kwanza aliloniomba halikuwa dawa. Aliniomba nimtafutie mtu wa kumwambia piano yake ina umri gani na ina thamani gani.

Nilikuwa nimetoka Rubwera, ninakofanya kazi katika ofisi za wilaya, nikafika nyumbani Ihembe mchana wa Jumamosi. Dada yangu mkubwa, ambaye ndiye aliyebaki kumtunza, alikuwa amemketisha sebuleni na kumwekea mito miwili upande ule uliokufa ganzi ili asianguke. Maneno yalimtoka moja moja, kwa taabu. Nilimuuliza kwa nini anataka kujua sasa, wakati hakuna anayeiuza.

"Nataka kujua," alisema. "Basi."

Dada alikuwa ameketi mlangoni akimenya ndizi. Hakuinua uso.

Piano ile ilisimama ukutani tangu kabla sijazaliwa. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mwalimu wa kwaya kanisani kwetu, na wamisionari walipoondoka walimwachia yeye, kwa sababu hakukuwa na mwingine aliyejua kuipiga. Alituambia kwamba ililetwa na Wajerumani kabla ya vita vya kwanza, kwa meli, kisha ikabebwa na wapagazi kutoka ziwani. Alituambia vibao vyake vyeupe ni pembe za ndovu. Tulikatazwa kuvigusa kabla ya kunawa mikono. Paa likivuja, kitu cha kwanza kusogezwa kilikuwa piano, kisha vitanda vyetu.

Mama alipougua kansa nilikuwa sekondari. Daktari alisema apelekwe Mwanza, na aende mapema. Wiki hiyohiyo akaja nyumbani mfanyabiashara mmoja wa Rubwera, Mwislamu ambaye babu yake alitoka pwani, mwenye duka la vitambaa. Baba alimfahamu kwa sababu sare za kwaya zilitoka dukani kwake. Alikunywa chai, akazungukazunguka sebuleni, kisha akasema anajenga nyumba ya wageni na anataka kuweka piano ukumbini. Akataja bei. Ingetosha kumpeleka mama Mwanza na kumlaza huko hadi atibiwe.

Baba alikataa. Mgeni alipoondoka, alituambia kwamba mtu huyo anataka kumnyang'anya kitu cha thamani kwa bei ya ng'ombe, kwa kuwa ameona tuna shida. Alisema atatafuta mnunuzi wa kweli, mzungu, huko Arusha au Dar es Salaam. Aliandika barua. Dada ndiye aliyekuwa akimgeuza mama kitandani, akimfulia mashuka, akimpikia uji usioliwa. Siku moja dada alitaka kusema neno mbele ya baba, mama akamzuia kwa mkono. "Mwacheni na piano yake," alisema. Alikufa kabla kahawa ya mwaka ule haijavunwa, tukamzika kwenye kibanja, nyuma ya nyumba, katikati ya migomba aliyoipanda mwenyewe.

Piano ilibaki. Baba aliendelea kuipiga kila Jumapili jioni, na mimi na dada tulizoea kutoka nje akianza.

Fundi nilimpata Bukoba. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye kazi ya kutengeneza vinanda vya makanisa. Alifika Ihembe asubuhi na begi la ngozi, akamwamkia baba kwa heshima, akaomba beseni la maji anawe. Kisha akafungua ubao wa mbele. Harufu ya mkojo wa panya ilijaa sebuleni. Alimulika ndani kwa simu, akapapasa nyaya, akajaribu kukaza misumari inayozishika, mmoja baada ya mwingine, na kila alipouacha ulirudi nyuma wenyewe taratibu. Alikwangua kibao kimoja kwa ukucha, akakinusa. Kwenye fremu ya chuma aliona jina la kiwanda na nambari iliyogongwa. Akaipiga picha, akatoka hadi pale juu kwenye mibuni ambapo mtandao unashika, akamtumia mwenzake mwenye orodha ya nambari hizo.

Tulingoja karibu saa nzima. Dada alimletea baba chai. Baba hakuitupia macho piano hata mara moja, alikuwa akiutazama mlango.

Fundi aliporudi hakuketi.

"Mwalimu," alisema, "nikuambie nilichokiona, au nipunguze?"

"Sema ulichokiona."

"Haikuja na Wajerumani. Imetengenezwa baada ya vita vya pili. Wewe na piano hii mnakaribiana umri, pengine wewe ndiwe mkubwa. Ni ya kiwanda cha kawaida, zilitengenezwa nyingi kwa ajili ya mashule. Vibao si pembe. Ni plastiki."

"Na thamani yake?"

"Ubao unaoshika misumari umepasuka ndani, nyaya hazikaziki tena. Mchwa wamekula mgongo. Kuitengeneza ni ghali kuliko kununua nyingine." Alipangusa vumbi mikononi. "Mwenye vyuma chakavu anaweza kuchukua ile fremu."

Baba akauliza swali ambalo sikulitegemea. Aliuliza ufa ule ni wa lini. Je, miaka ishirini iliyopita piano ilikuwa nzima?

Fundi alimulika tena, akachungulia ndani kwa muda mrefu kuliko mara ya kwanza. "Ufa ni wa zamani sana, mwalimu. Vumbi lake limeshakuwa gumu kama saruji. Hata wakati huo isingenunuliwa na mtu anayejua."

Jumatatu yake nilikwenda kwenye lile duka la vitambaa. Sijui nilitaka nini. Mzee alikuwa bado hai, macho yamefifia, wanawe ndio waliokuwa wakiuza. Nilimpa shikamoo, nikajitambulisha, nikamweleza alichosema fundi. Nikamuuliza kama wakati ule alijua anachonunua.

"Binti yangu," alisema, "mimi najua vitambaa. Piano naijulia wapi?"

"Ulisema ni ya nyumba ya wageni."

"Umewahi kuiona nyumba yangu ya wageni?"

Sikuwa nimewahi kuiona. Hakuna aliyewahi kuiona.

"Nilisikia msikitini kwamba mke wa mwalimu anaumwa," alisema. "Baba yako nilimjua. Ningempelekea fedha mkononi angenirudishia kwa mtu. Nikaona nitafute kitu cha kununua. Mlikuwa na kiti, meza na piano." Akapangusa macho kwa ncha ya kanzu. "Usimwambie. Ameshazeeka."

Nilikaa na maneno hayo siku tano. Jumamosi nilirudi Ihembe nikiwa nimeamua kunyamaza, na baba akaniuliza kabla sijaweka mkoba chini.

"Umekwenda kwa yule mzee?"

Niliweka mkoba chini polepole, na hilo lilimtosha.

"Nilijua," alisema. "Siku ileile. Alishika chai mkono mmoja, akaitaja bei bila hata kuinua kifuniko cha piano. Mtu anayenunua hufungua." Aliegemeza kichwa kwenye mto. "Nikaona sitapokea sadaka ya mtu mbele ya watoto wangu. Baadaye nikaanza kujiambia kwamba labda ina thamani kweli. Ingekuwa na thamani, ningekuwa nimekataa kupunjwa, si sadaka. Nilikuwa naomba hilo tu."

Nilitaka kumwambia kwamba pengine mama asingepona hata angefika Mwanza. Ni kweli, pengine asingepona. Lakini dada alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na sufuria mkononi, na nilijua amesikia yote. Aliweka sufuria chini, akamfuta baba mate kidevuni kwa kitambaa, akatoka.

Tangu siku ile dada hakumsemesha. Alimlisha, alimgeuza, alimwogesha kila asubuhi kwa maji ya vuguvugu, akamkata kucha. Akihitaji kumuuliza jambo alinipigia simu Rubwera, nami nikampigia baba, huku wote wawili wako chumba kimoja. Nilimsihi. Baba pia alimwita kwa jina lake la utotoni, mara nyingi. Dada alifanya kila kitu ila kuitika.

Baba alifariki wakati wa masika. Tulimzika kando ya mama. Wenye vyuma chakavu walikuja na pikipiki ya magurudumu matatu, wakaipasua piano kwa shoka hapohapo sebuleni kwa sababu haikupita mlangoni, wakachukua chuma. Mbao zake tulizipikia maharage ya matanga.

Mwaka huu nilimuuliza dada, tukiwa tunapalilia kibanja, kama aliwahi kumsamehe. Aliendelea kulima hadi mwisho wa mstari.

"Nilimwogesha," alisema, akageuza jembe kuanza mstari mwingine.