Ushuhuda wa Kuazima

Baba yangu aliokoka kabla sijazaliwa, na nyumbani kwetu magharibi tuliujua ushuhuda wake kuliko tulivyozijua nyimbo za kanisani. Alikuwa mlevi na mpiga ngoma. Babu alipomwona ameanza kushika Biblia alimfukuza kwa fimbo, baba akalala kwa watu msimu mzima wa mvua. Aliusimulia kila alipopewa nafasi, na sisi watoto tulijua atapandisha sauti wapi na atatoa leso wapi.

Basi nilipokuja Nairobi miaka ile ya hamsini, kulea watoto wa Wazungu kule Karen, sikuwa na wasiwasi wowote kuhusu imani. Nilikuwa binti wa mzee wa kanisa. Nilidhani hiyo ilitosha.

Alhamisi mchana, wakati wangu wa mapumziko, wanawake wa kwetu walikutana kuomba kule Kilimani, chumbani kwa mama mmoja aliyefua nguo za Wazungu. Siku yangu ya kwanza wakaniambia nisimame niwaeleze Bwana alinitoa wapi. Nikasimama. Sikuwa na neno langu, nikachukua lililokuwa karibu. Niliwaambia nilikuwa mtu wa pombe na ngoma, nikagaagaa matopeni, Bwana akanivuta. Sauti niliipandisha palepale baba alipoipandisha.

Mwenye chumba alinitazama usoni, uso wa msichana ambaye hata chunusi hazijamwisha.

"Pombe ulikunywa lini, mtoto wangu? Kwa ziwa ya mama?"

Chumba kizima kiliangua kicheko. Aliponisindikiza njiani hakuwa anacheka tena.

"Hiyo ni ya babako, si ndiyo? Nguo ya kuazima haisitiri matako. Yako ikikuja, utatuambia."

Nilikasirika, na zaidi kwa sababu alisema kweli. Nikaacha kwenda kwake, nikaacha na kanisa pia, nione kitatokea nini. Hakikutokea kitu. Mbingu hazikuanguka, wala Nairobi haikuwa na mtu wa kumpelekea baba habari. Alhamisi nilipanda basi hadi mjini nikazunguka maduka ya Wahindi, mikono nyuma kama mtu mwenye shughuli.

Alasiri moja muuza vitambaa alikuwa anamkunjulia mteja jora la hariri, rangi ya papai bivu. Jua la mlangoni likaipiga ile hariri, na mimi nikajisikia nikisema, "Asante."

Mhindi akadhani namwambia yeye. "Karibu, mama, kuja gusa tu!"

Lakini sikuwa namwambia yeye. Nilisimama pale na aibu na furaha kwa pamoja, kwa kuwa nilijua vizuri namwambia nani, na kwa mara ya kwanza hakuwa Mungu wa baba. Hapakuwa na mtu wa kuniona wala wa kuniuliza. Ningeweza kumwacha Mungu huyo palepale dukani nikaenda zangu, na sikutaka. Nilirudi Karen nikimweleza mambo yangu yote moyoni, hata ya mpishi wa pale nyumbani aliyekuwa akinisengenya kwa memsahibu, yule mama wa Kizungu aliyetuajiri.

Nikarudi na Kilimani, ila nilikaa nyuma na kunyamaza.

Mavuno yalipokwisha, baba alikuja kunitembelea. Memsahibu alikubali alale kwa mpishi. Alhamisi nikaenda naye kwenye maombi, na shuhuda zilipoanza akanigusa kiwiko.

"Simama. Waeleze nyumba uliyotoka."

Nikasimama. Nikisema neno langu, nitamvunjia baba heshima mbele ya wageni. Nikisema lake, nitamkana Yule niliyemshukuru mjini. Nikasema la kitambaa. Nikasema nimezaliwa na kulelewa kanisani, lakini Yesu nimempokea siku ile dukani. Lilikuwa neno fupi, na hakuna aliyelia.

"Hiyo sasa ni yako," alisema yule mama.

Tulipofika chumbani kwangu ndipo baba akasema, bila kuniangalia, "Kwa hiyo nilikulea bure? Nilipigwa na baba yangu kwa ajili ya imani hii, na wewe unaenda kuipata dukani, kwa Mhindi?"

Niliogopa, lakini nilimjibu. "Baba, wewe babu hakukuchagulia. Ulichagua mwenyewe, ukalala kwa watu. Mimi mlinipa vyote, isipokuwa huko kuchagua."

Akavua kofia, akaketi. Nikasonga ugali, nikamletea maji ya kunawa, nikaweka mboga mbele yake. Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuombea chakula ila baba. Hata alipougua aliomba akiwa kitandani, nasi tukamngoja. Kwa hiyo niliinamisha kichwa nikangoja. Sala haikuanza. Nilipofumbua jicho moja, nilimwona naye ameinamisha kichwa, kofia magotini, ananingoja mimi.

"Chakula kinapoa," alisema.

Nikaomba. Sikumbuki nilisema nini, ila najua nilikwamakwama na kurudia maneno. Ninachokumbuka ni ile sauti iliyozoea kujaza kanisa, ikinifuata polepole nilipomaliza, kwa mara ya kwanza maishani mwangu.

"Amina."