Mkono Ndani ya Tangi

Siku yangu ya kwanza kazini hakuna aliyeniuliza cheti. Meneja wa kwanza niliyemfanyia kazi, mtu mrefu aliyevaa koti la mvua hata jua likiwaka, alinisimamisha kwenye mlango wa kiwanda cha kahawa kilichoko chini ya mji mdogo wa Githongo, akaniambia nikunje mikono ya shati.

"Nionyeshe vidole."

Nikamwonyesha. Akavigeuza kama mtu anayekagua viazi sokoni, akatafuta sugu, akaguna. Kisha akanipeleka ukutani kwenye matangi ya saruji, akaniambia nichovye mkono mpaka kwenye kiwiko. Ilikuwa asubuhi, na maji ya mlima yana baridi ya kuuma mifupa. Ndani nilikuta kitu kama kamasi, kizito, kinachoteleza kati ya vidole na kukataa kushikika.

"Unasikia nini?"

"Baridi, Meneja."

"Hiyo hata mbuzi angesikia. Toka hapo. Urudi baada ya chakula, uniambie tena."

Niwaeleze nyinyi mlioniomba niandike juu ya kazi hii, ambao kahawa mnaijua ikiwa kikombeni. Mkulima huleta matunda mekundu. Mashine ya kumenya hutoa ganda la nje, na mbegu hubaki imevaa ngozi nyembamba ngumu, na juu ya ngozi hiyo kuna utelezi. Utelezi hautoki kwa maji matupu. Kahawa hulazwa kwenye tangi ichachuke mpaka utelezi uachilie wenyewe. Ikitolewa mapema, huenda kwenye vitanda vya kuanikia ikiwa bado na uchafu wake, ikashikana na kuoza. Ikichelewa, hunuka vibaya, na harufu hiyo haitoki tena hata uioshe wiki nzima. Katikati pana muda mfupi tu wa kupatia.

Baada ya chakula nilirudi. Nilipochovya mkono mara hii, mbegu zilikwaruza. Nilizisugua kiganjani zikatoa mlio mdogo, kama changarawe mtoni chini ya kiatu.

"Hapo," akasema Meneja. "Sasa nisikilize, kijana. Saa itakudanganya, kwa sababu baridi ya leo si ya jana. Kijiti kitakudanganya. Watu wengine huchomeka kijiti tangini wakaangalia kama shimo litabaki wazi, na wengine hunusa. Waache. Mkono ndio haudanganyi."

Niliyaamini maneno hayo kwa miaka mingi kuliko niliyoamini maneno mengine yoyote, nje ya yale ya kanisani.

Nilihamishiwa Embu, kiwanda kilichokuwa karibu na msitu, kwenye ukungu usioisha. Meneja wa huko alikuwa mama mmoja mkali ambaye hakupenda watu wanaozungumza wakiwa na mkono tangini. "Ukiongea unasikia mdomo wako," alikuwa akisema. Alinifundisha kufunga macho. Alinifundisha kuchukua kahawa ya pembeni, ya katikati na ya chini kabisa, kwa sababu tangi moja lina hali tatu. Kwake nilijifunza pia kupima ukavu kwenye vitanda. Mbegu unaivua ngozi na kuiweka kwenye jino. Ikibonyea haijakauka, na ikivunjika kwa mlio umechelewa. Vipima unyevu vyenye betri vilikuja baadaye sana. Lakini kwa tangi hakuna chombo kilicholetwa. Tangi lilibaki la mkono.

Niliporudi Githongo nilikuwa msimamizi wa matangi, na watu wa viwanda vya jirani walikuwa wakinitumia boda boda inichukue wakibishana kama tangi liko tayari. Nilikuwa nafika, nakunja shati, nachovya, nafunga macho. Watu wote wananyamaza. Nasema "Bado" au nasema "Tayari," na hakuna anayeuliza mara mbili. Ninyi mnaosoma haya, jueni kwamba katika miaka hiyo yote sikuwahi hata siku moja kuushukuru mkono wangu. Niliupaka sabuni, basi. Nilidhani ni mimi niliyekuwa na ujuzi.

Hofu ilianzia miguuni. Jumapili moja nilivua viatu nikitoka kanisani nikakuta soksi imelowa damu. Msumari ulikuwa umetoboa soli. Nilikuwa nimesimama juu yake nyimbo tatu nzima, nikiimba.

Kisha ikaja siku ya sufuria. Mke wangu, Kanana, alikuwa amegeuka kutafuta kitambaa cha kuipulia sufuria ya githeri motoni. Nikaona nimsaidie. Niliishika sufuria kwa mikono mitupu, nikaiinua, nikatembea nayo mpaka mezani.

"Baba Mwenda," akasema Kanana polepole, kama mtu anayemsemesha mtoto aliye juu ya mti. "Weka hiyo chini. Weka sasa."

Nikaiweka. Akanishika viganja akavigeuza. Ngozi ilikuwa imejikunja kama utando wa maziwa yaliyochemka. Nilimwangalia yeye analia, na mimi mwenyewe sikuwa na maumivu ya kunitosha hata kukunja uso. Hapo ndipo nilipoogopa. Maumivu nilikuwa nimeyazoea, ila kukosa maumivu kulikuwa kama kuita mtu nyumbani kwake ukakuta mlango wazi na hakuna anayejibu.

Kliniki walinipima sukari, muuguzi akatikisa kichwa. Kisha akatoa uzi mmoja mgumu wa plastiki, mwembamba kama unywele wa ng'ombe.

"Mzee, funga macho. Nitakugusa vidole kwa huu uzi. Ukisikia, sema ndiyo."

Nikafunga macho. Nilikuwa hodari wa kufunga macho na kusikiliza kwa vidole, kazi hiyo niliifanya maisha yangu yote. Nikangoja. Nikasikia kuku nje, na mtu akikohoa kwenye benchi. Nikaona anachelewa.

"Anza tu, daktari," nikamwambia.

"Nimemaliza, Mzee."

Akanieleza kwamba sukari ilikuwa imekula mishipa ya fahamu. Huanzia miguuni, kisha mikononi, na anaweza kuizuia isiendelee lakini hawezi kuahidi kurudisha kilichokwisha kwenda. Aliniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia ni mkulima.

Sikumwambia mtu kazini. Msimu ulikuwa unaanza, mashine ya kumenya ikinguruma mchana kutwa, foleni ya wakulima ikifika barabarani. Nilijitafutia njia. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi lakini midomo haikuwa imekufa. Basi nilikuwa nachovya mkono, nainama kana kwamba natazama kwa karibu, napitisha mbegu mbili mdomoni. Mdomo uliniambia kile ambacho vidole vilikataa kusema. Saa nyingine nilijipangusa jasho kwa kiganja kilichojaa kahawa.

Aliyeona alikuwa Karimi. Karimi alikuwa mwoshaji kwenye mfereji, pale kahawa inapotoka tangini na kusukumwa na maji na pala za mbao. Alikuwa kibarua, mama wa watoto wawili, mwenye ulimi mwepesi.

"Mzee Kiambi," aliniita siku moja mbele ya wenzake, "siku hizi unanawa uso na kahawa? Mama Mwenda amekunyima sabuni?"

Wanawake wote wakacheka. Nami nikacheka.

"Ndiyo maana nabaki kijana," nikamjibu. "Wewe endelea na hiyo sabuni yako utaona."

Lakini nilirudi nyuma ya ukuta wa matangi nikakaa chini.

Sasa niseme kosa lenyewe. Ilikuwa katikati ya msimu, wiki ya baridi kali, wakati uchachukaji huenda taratibu kuliko desturi. Wajumbe wa kamati ya chama cha wakulima walikuwa wamekuja kutembelea kiwanda. Meneja wetu, kijana aliyesomea ushirika, mtu mzuri, aliwaleta moja kwa moja kwenye tangi kubwa.

"Huyu ndiye mzee niliyekuwa nawaambia," akawaambia. "Mzee, waonyeshe."

Walisimama kunizunguka, karibu sana. Sikuweza kuinama. Sikuweza kujipangusa uso. Nilikunja shati, nikachovya mkono, nikafunga macho kama nilivyofundishwa kule Embu.

Hapakuwa na kitu. Niliona uzito wa maji kwenye mkono wa juu, na chini ya hapo giza. Nilizungusha mkono, nikasugua mbegu kiganjani nikitega sikio nipate ule mlio wa changarawe, lakini mashine ilikuwa inanguruma. Wote walikuwa wakiningoja. Nilihesabu saa kichwani, saa ile ile niliyoambiwa itanidanganya.

"Tayari," nikasema.

Mjumbe mmoja akapiga makofi. Lango la tangi likafunguliwa, kahawa ikateremka mfereji. Karimi akaitia mkono, akasimama.

"Baba," akasema, na mara hii hakuwa na mzaha, "hii bado inateleza."

Wote wakanigeukia. Ningeweza kusema, hebu tuangalie. Maneno mawili tu, na kahawa ingerudi tangini.

"Wewe osha," nikamwambia. "Matangi ni kazi yangu."

Akaosha. Siku ya tatu tulipofika kazini, nzi walikuwa wametutangulia vitandani. Kahawa ilikuwa imeshikana madonge, ina madoa ya kahawia, inanuka kama pombe ya chang'aa iliyomwagika. Lilikuwa tangi zima, jasho la wakulima ambao nawajua kwa majina, ambao tunakaa nao benchi moja kanisani.

Meneja alituita wote uani. Hakupiga kelele.

"Mzee, tangi lilikuwa tayari?"

"Lilikuwa tayari."

"Basi halikuoshwa."

Sikujibu. Nataka mjue kwamba sikusema neno lolote baya juu ya Karimi. Sikusema neno lolote kabisa, na ilitosha. Aliambiwa asirudi. Yeye naye hakujitetea. Aliiangalia tu mikono yangu, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayeangalia wagonjwa wawili kitandani.

Siku zilizofuata niliogopa kila kitu. Niliogopa tangi, niliogopa uzi wa muuguzi, niliogopa vifungo vya shati langu ambavyo Kanana alianza kunifungia bila kuulizwa. Niliogopa kuketi kanisani. Kila asubuhi kabla ya kufungua macho nilikuwa nasugua kidole gumba kwenye blanketi, nikiomba nisikie sufu yake.

Ijumaa Karimi alikuja kuchukua gambuti zake za mpira. Alinikuta langoni.

"Mimi sina neno na wewe, Baba Mwenda," akasema. "Nitapata kuchuma majani chai kwa watu. Lakini kesho ukirudi kwa hilo tangi, ni nani atakuambia bado?"

"Ulijua?"

"Nani anaonja kahawa mbichi kwa mdomo, Baba? Baba yangu mzazi alikuwa na hiyo sukari. Alikuwa anajikata na panga akiendelea kulima." Akaziweka gambuti begani. "Nilidhani utasema mwenyewe."

Akaenda, na hakugeuka nyuma.

Kesho yake Meneja alisimama kando yangu kwenye tangi lile lile. Nilikunja shati. Mkono wangu ulikuwa juu ya maji, na nilikuwa naangalia vidole vitano ambavyo vilikuwa vyangu na havikuwa vyangu.

"Mzee? Iko tayari?"

"Sijui," nikasema.

Sikuwahi kulitamka neno hilo mahali pale. Liliponitoka nilisikia baridi kifuani, pale ambapo bado nasikia.

"Sijui, Meneja. Mkono umekufa ganzi. Ile kahawa niliiharibu mimi. Karimi aliniambia haijawa tayari mbele yenu nyote, nikamnyamazisha."

Meneja aliinama akautazama mkono wangu.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya msimu."

"Na ulikuwa unaingia kwa matangi kila siku." Hakuwa ananiuliza. Alivua kofia akaivaa tena. Kisha akapiga simu, na baada ya muda boda boda ikateremka na Karimi nyuma, bado ana kikapu cha majani mgongoni. Hakunisalimu. Alipandisha mkono wa sweta, akauchovya tangini, akachukua ya pembeni, ya katikati na ya chini. Sikuwa nimemfundisha hayo. Alikuwa amenitazama tu.

"Bado," akasema. "Mrudi baada ya chai."

Huo ukawa msimu wangu wa mwisho. Kamati ilinisimamisha kazi ya matangi, na wakulima wengine walichelewa sana kunisamehe. Mmoja hajanisamehe mpaka leo, na simlaumu. Karimi sasa ndiye msimamizi wa matangi. Hunisalimia vizuri tukikutana sokoni, lakini mzaha ule wa sabuni hajaurudia tena, nami naukosa kuliko ninavyoweza kueleza.

Mmeniomba niwaambie kazi ilivyokuwa. Ilikuwa kwenye ncha za vidole kumi, mahali pasipotosha hata kuandikia jina. Nilimwamini meneja wangu wa kwanza aliposema mkono haudanganyi. Mkono ukadanganya, au pengine ulikaa kimya na mimi nikausemea uongo.

Jioni Kanana huweka miguu yangu mapajani mwake, akaikagua kwa tochi ya simu, kidole kwa kidole, kama tulivyokuwa tukikagua kahawa mbovu vitandani. Daktari amesema sasa macho nayo yaangaliwe. Sijamwambia mke wangu kwamba herufi za Biblia zimeanza kuwa na ukungu. Nitamwambia leo, nikimaliza kuandika haya.

Siku za soko tunapita juu ya kiwanda, na msimu ukiwa umewaka ile harufu ya matangi hutufikia barabarani. Malori huja kwa kasi pale kwenye kona, kwa hiyo Kanana hunishika mkono tukivuka. Kila mara katikati ya barabara huwa nainamisha kichwa nitazame chini, nione kama bado ameushika.