Landrova Isiyofikisha Maili

Ndugu wasomaji, nilikuwa dereva wa Landrova ya kijiji chetu cha ujamaa, huku Kilosa. Fundi alinipa sharti moja tu: mita ya maili ikifika ishirini na tatu elfu, nibadilishe oili ya injini. Nililishika sharti hilo kama dini. Kila asubuhi nilichungulia mita, nikaona bado, nikaifuta vumbi.

Kiangazi kikapita, masika yakapita. Bado. Injini ilianza kugonga kama kinu. Nikailaumu barabara ya Mikumi.

Dereva wa kijiji jirani alikuwa ameshabadilisha oili mara tatu. Basi kwenye mkutano wa vijiji vyetu viwili, ilipofika zamu ya kukosoana, nikasimama nikamkosoa kwa kufuja mali ya umma. Nikapigiwa makofi. Nikaongeza kwamba mimi nimo kwenye elfu ishirini na mia mbili na kumi, na sina haraka.

Bi Mwanahamisi, mkunga wetu, ambaye kila wiki nilimpeleka hospitali ya Berega na wajawazito, akanyoosha mkono.

"Shikamoo, mama," nikasema, nikingoja sifa.

"Marahaba, mwanangu. Mimi namba nimejifunzia humo garini, nikikaa mbele na wewe, tangu nianze kisomo cha watu wazima. Kiangazi zilikuwa hizo hizo, masika hizo hizo. Kumbe ni maili? Mimi nilidhani ndiyo namba ya gari."