Maua ya Pinki, Maji ya Kijani

Mie ni mwalimu wa sayansi shule ya msingi, na somo la mimea na bakteria nalifundisha hata nikiwa nasinzia. Mmea una mizizi, majani na maua. Bakteria huwaoni mpaka wajazane. Ila wapo wa kijani, wa maji baridi yaliyotuama, wanaojitengenezea chakula kwa jua kama mmea. Na kote kuwili kuna wenye sumu. Nilikuwaga nafuta ubao, naenda zangu kunywa chai.

Siku hiyo nyumbani Goba nikamkuta binti yangu, hajaanza hata shule, anatapika kwenye ngazi ya jikoni. Kando yake vifuu viwili vya kuchezea kupika. Kimoja kilikuwa na maji ya kijani ya pipa la kumwagilia bustani. Kingine kimebaki petali za ule mti wetu wa maua ya pinki, ambao najua kabisa unaweza kusimamisha moyo. Jamani! Nilimbeba mtoto na vifuu vyake, nikakimbilia bajaji nikipiga kelele.

Kwenye kituo cha afya daktari akauliza, "Mama, kala maua au kanywa maji? Kama ni maua, anakwenda hospitali kubwa sasa hivi."

Mwalimu mzima, nikamwonyesha mtoto vile vifuu viwili. "Sijui, daktari! Mwanangu, umekula maua?"

"Nimekunywa supu tu," akasema kwa sauti ndogo, akigusa kifuu cha maji ya kijani. "Maua kala mgeni. Si ulisema mgeni kwanza?"

Nilisema, tena kila siku, tena kwa ukali. Lakini mgeni gani? Kutwa anacheza na mtoto wa jirani. Nikampigia jirani.

"Shoga, mwanao yuko wapi?"

"Huyu hapa anakula ugali. Kwani vipi?"

"Hajala maua? Wangu anasema kuna mgeni kala! Hebu nenda kwangu, angalia chini ya ule mti, haraka!"

Nikasikia kandambili zake zinakimbia, halafu matawi yanasukumwa.

"Nimemwona mgeni wenu," akasema. "Yule mdoli wa tambara aliyepasuka mdomo. Kajazwa maua mpaka mashavu yamevimba."

Nikakaa sakafuni palepale, nikalia. Daktari akasikiliza moyo, akasema unapiga vizuri, kinachomtapisha ni yale maji, akamtundikia dripu. Sikumwamini. Nilishika mkono wa mwanangu nikisikiliza mapigo mwenyewe, hata soda niliyoletewa sikuigusa.

Baadaye akafumbua macho. "Mama, mgeni kashiba?"

"Kashiba, mwanangu. Kashiba."