Handaki la Tatu

Siku ile ya Migori naikumbuka vizuri, mwanangu, hasa leo nikiwa bado na udongo wa kaburi la Mzee Okelo kwenye viatu.

Yeye ndiye aliyenifundisha kazi ya mitandao. Kampuni yetu ilinunua samaki Mbita na Kendu Bay, na hesabu zote zilikuja ofisini Migori. Kila kituo kilikuwa na swichi, yaani kigawa-mawasiliano cha mtandao, iliyo ndani ya kompyuta, si ya kushikwa mkononi, na tuliziunganisha kwa njia za ndani ya intaneti tulizoziita mahandaki. Yalikuwa mawili, yote yakiishia Migori. Mimi nikataka la tatu, kutoka Mbita moja kwa moja hadi Kendu Bay.

“Ni la akiba, japuonj,” nilimwambia. Ndivyo tunavyomwita mwalimu. “Moja likikatika, tunapitia lingine.”

“Na yasipokatika?”

Nilicheka. Akasema nisubiri aweke kwanza sheria ya kulaza njia moja mpaka ihitajike. Alipoenda kula, nikalifungua.

Mashine ya Mbita iliuliza wote swali dogo la kawaida: nani ana anwani hii? Migori ikalipeleka Kendu Bay, Kendu Bay ikalirudisha Mbita, na Mbita, isijue kuwa ni swali lake yenyewe, ikalituma tena. Likazunguka, yakaja mengine, hadi pakakosekana nafasi ya neno lolote.

Karani wa Mbita akapiga simu. “Wewe, uzito wa samaki haukubali kutumwa kutoka huku. Lori limejaa mbuta, haliwezi kutoka kabla hesabu haijafika kwenu, na barafu ndiyo hiyo inaisha.”

Mzee aliporudi alilifunga handaki langu, mtandao ukatulia papo hapo. Lakini samaki walifika wakinuka, mnunuzi akawakataa.

Nilimwambia mkubwa wetu kwamba ni mimi. Akajibu kuwa mimi ni kijana, nitajifunza. Mzee ndiye aliyepaswa kunizuia. Akamfuta kazi.

“Angalau hukusingizia stima, wuoda,” Mzee Okelo aliniambia huku akikunja nyaya zake. Wuoda maana yake ni “mwanangu”. Alirudi Lambwe kuchunga mbuzi, na hakushika tena kazi ya mitandao hadi tulipomzika.

Mwanangu, ukiongeza njia, jiulize itafanya nini siku ambayo hakuna kilichoharibika. Ukiambiwa subiri, subiri. Ukweli niliusema siku ile ile na haukumrudishia kazi; wewe useme hata hivyo. Mungu akupe mwalimu kama yule, na akupe subira ya kumngoja amalize kula.