Siku Mwalimu Ephraim Alipozamisha Mtumbwi

Mwalimu Ephraim anafundisha jiografia katika sekondari moja ya Butiama, na tangu nimfahamu sijawahi kumsikia akipaza sauti. Ana mke, ng'ombe wawili, na daftari kubwa ambalo hata mkewe haruhusiwi kulifungua. Humo ndimo alimoandika mchezo wake. Kanuni alizipata kwenye simu, za Kiingereza, akazigeuza Kiswahili likizo nzima, akiacha zilizomchosha na kuongeza zake.

Mchezo wenyewe hauna ubao wala kete za kusogeza. Yeye ndiye msimulizi, na sisi wengine kila mmoja ana mtu wake ndani ya hadithi. Anasema mko wapi na mnaona nini, wewe unasema mtu wako anafanya nini, kisha dadu inaamua kama ameweza. Ulichokipata katika hadithi unakiandika kwa penseli kwenye karatasi yako.

Tulikuwa wachezaji watatu. Machage, anayeuza vipuri vya pikipiki Musoma. Mimi Hasna, fundi cherehani wa Bunda. Na Nyangi, mkulima wa mihogo wa Buswahili, jirani ya wakwe zake Mwalimu. Tulikutana Kiabakari kila Jumamosi mchana, kwa mama Marieta mwenye mgahawa, wateja wa chakula wakishaondoka.

Nisidanganye, tulikuwa wezi. Machage ndiye aliyeanza. Tukiwashinda majambazi, haulizi nani ameumia, anauliza, "Wana viatu?" Alivua maiti viatu. Aling'oa bawaba za milango. Siku moja tulikaribishwa kijijini, tukapewa ugali na sato, na kulipopambazuka Machage akasema mtu wake anaingia ghalani na kubeba mtama wote. Mimi nilicheka. Tena nilipoambiwa nyumba ya pili ina mapazia ya hariri, niliyakunja mapazia. Fundi cherehani ni fundi cherehani.

Mwalimu alikaza midomo tu, akaandika.

Nyangi hakuwa kama sisi. Miezi miwili ya kwanza neno lake lilikuwa moja: "Na mimi nafuatana nao." Halafu tukapita kwenye mji uliohamwa, akauliza kwa sauti ndogo kama kuna kigoda. Mwalimu akasema kipo kimoja, mguu umelegea. Nyangi akakichukua. Toka siku hiyo, kila tulipopiga kambi, alisema, "Mimi nakaa kwenye kigoda changu, naota moto." Na akishakaa ndipo alipoongea: anamuuliza mtu wa Machage kama ana mama, anamwonya mtu wangu asilale karibu na mto. Sehemu nzuri za hadithi ile zilikuwa hizo. Nimelijua hilo baadaye.

Mwezi wa nne, Jumamosi moja ya mvua, Mwalimu akatufikisha kwenye mto mpana. Palikuwa na mtumbwi, na mwenye mtumbwi akauliza, "Mizigo yote hii?"

"Yote," akasema Machage.

Mwalimu hakurusha dadu. Alisoma kutoka daftarini, maana alikuwa ameshaandika hata kabla hatujafika: mtumbwi umezama, ninyi mmeogelea mkatoka, vitu vyote vimekwenda na maji.

"Futeni," alisema, akaweka ufutio katikati ya meza.

"Mwalimu, huo ni uonevu!" Machage akapiga kelele. "Hata dadu hujarusha!"

"Mnapenda mno vitu vya watu. Futeni."

Nyangi akauliza, "Hata kigoda?"

Mwalimu alimtazama. Nadhani hapo angeweza kugeuka. Hata mimi ningeweza kusema neno, lakini mwizi wa mapazia angesema nini? Nikainama.

"Hata kigoda," alisema.

Nyangi alifuta taratibu, akapuliza karatasi ikawa safi, akatuaga vizuri, akaenda kuwahi gari. Jumamosi iliyofuata hakuja. Wala ile nyingine.

Wiki ya tatu Mwalimu akanipigia simu. "Hasna, nisindikize Buswahili."

Njiani alisema mambo ambayo hakuwahi kuyasema. "Shuleni ndivyo tunavyofanyaga. Mmoja akiiba chaki, darasa zima linapiga magoti. Miaka kumi na moja, sijawahi kujiuliza." Tukaenda kidogo, akaendelea. "Nimelisoma daftari lote upya. Panga nimelipa jina. Pete nimeipa jina. Yule aliyewapa ugali nimeandika 'mzee mmoja'. Mwenye ghala sikumwandika kabisa. Sasa Machage angemwonea huruma nani?"

Tulimkuta Nyangi anamenya mihogo uani. Alinawa, akatutolea viti, akatuwekea chai.

"Nimekuja kuomba radhi," Mwalimu alisema. "Kigoda kilielea. Wavuvi wamekiona ukingoni."

Nyangi alicheka kidogo, bila ubaya. "Mwalimu, nimekifuta kwa mkono wangu."

"Nitakiandika upya."

"Najua utakiandika. Ila mimi nitakuwa nakaaga pale nikingoja ukasirike tena." Alichukua muhogo mwingine. "Ungetuambia tu, jamani, wizi huu siupendi. Sisi ni watu wazima. Machage naye angeacha, anakuheshimu kuliko unavyodhani."

"Nilifikiri hadithi itawafundisha."

"Imetufundisha," alisema Nyangi.

Chai ya Mwalimu ilipoa bila kuguswa. Tulipoondoka Nyangi alitufungia mihogo, fungu langu na fungu la Mwalimu.

Jumamosi iliyofuata, kabla ya kucheza, Mwalimu alimwambia Machage kinagaubaga kwamba wizi ule ulikuwa unamkera tangu mwanzo. Machage akatuangalia mmoja mmoja. "Basi si ungesema?" akauliza.

Tunacheza bado. Siku hizi kila tunayekutana naye ana jina na watu wake, na kabla hujabeba kitu unaambiwa ni cha nani. Mwenye ghala anaitwa Mwikwabe. Machage alimrudia na magunia ya mtama kumwomba msamaha. Akarusha dadu, ikaangukia moja. Mwikwabe alikataa kumsikiliza. Machage aliumia kweli, hata soda hakuimaliza.

Nyangi tunaonanaga sokoni Bunda anapoleta makopa, ile mihogo yake mikavu. Namuuliza kama atakuja Jumamosi, ananiambia, "Tutaona." Huu ni mwaka wa pili ananiambia tutaona, na mimi sijapata ujasiri wa kumwambia kwamba siku ile nami niliinama.

Mwalimu, nikishamsalimia tu, huuliza, "Umemwona?" Namwambia nimemwona, ni mzima, mihogo imekubali mwaka huu. Anaitikia kwa kichwa. Halafu anatuuliza tuliishia wapi, na tunaanza, wachezaji wawili.