Jiwe Katika Sahani ya Shangazi

Mimi Anaclet, fundi simu wa Isipingo, ninayejisifu kwamba hakuna mteja anishindaye maneno, nilikwenda kuposa nikiwa na jiwe mdomoni. Jiwe kweli. Daktari wa kliniki alibonyeza chini ya ulimi wangu akasema chumvi ya mate imeganda ikawa kijiwe, nacho kimeziba mfereji wa mate. Ndiyo maana kila nikianza kula taya la kulia linavimba, nikimaliza, linanywea. Ninywe maji mengi, nifyonze ndimu, huenda kikatoka chenyewe. Nilishukuru, maana nilikuwa nimeshajizika; hata nyimbo za msiba nilikuwa nimechagua.

Henriette, mchumba wangu, sikumwambia. Mwanamume gani huenda kuomba mke akitangaza kwamba mate yake yamegeuka kokoto?

Shangazi yake, Marie-Jeanne, ndiye aliyemlea na ndiye mwenye neno la mwisho. Kwake, mgeni asiyekula amemtukana mpishi. Nyumbani kwake Morningside alitupakulia wali, samaki na maharage, nami nikala shavu likiwa kiganjani, kama mtu mwenye mawazo mazito. Nilijiona mjanja. Kisha nikamkamulia samaki ndimu tele. Taya likafura, machozi yakanilenga, halafu kitu kikachomoka chini ya ulimi, kikagonga jino. Nikakitema sahanini. Ti!

Shangazi akainama kukitazama.

"Iko jiwe mu maharage yangu? Mi mwenyewe nilichambua, moja moja!"

Mumewe akaguna, "Eish, Marie-Jeanne, unatuletea haya mbele ya wageni."

Nilikuwa nimeokoka. Kazi yangu ilikuwa kunyamaza tu. Lakini nilimwona yule mama anavyofuta macho kwa kitenge, nikaona haya.

"Tantine, hapana. Maharage haina makosa. Ile jiwe imetoka mu mwili yangu."

Nikaeleza yote, ulimi, mate, mfereji, huku nikitamani ardhi ipasuke. Henriette akafunika uso.

Shangazi akanishika kidevu, akanifungua mdomo mbele ya ukoo mzima, akachungulia hadi koromeo. Kisha akamgeukia mumewe.

"Wewe, miaka yote hii, ulishanikingia aibu hivi hata siku moja?"

Akaniongezea maharage.

"Kula, mkwe wangu."